Glovu za Sufi na Wali wa Mkwe

Mmenikalisha kiti cha mbele kama refa, mkaniambia niseme habari za ngumi za zamani. Haya. Ila mjue mapema, mie sijawahi kumpiga mtu ngumi maishani mwangu. Kazi yangu ilikuwa glovu. Kushona glovu, kujaza glovu, kuanika glovu, kuuguza glovu. Mabondia wa Temeke nzima walipita kwenye sindano yangu, ndio maana mnasikia wazee wananiita Mama Glovu, na jina la Mwajuma limebaki kwenye kadi ya kura tu.

Glovu zenu hizi zina sponji ndani, zikipasuka mnatupa, mnanunua nyingine. Sie enzi za Mwingereza nani atupe glovu? Zilikuwa zinatujia zimeshachoka, wazungu wa michezo wamezitumia mpaka wamezichoka wenyewe, ndio wanatukumbuka. Ndani zilijazwa nywele za mkia wa farasi. Sasa nywele za farasi na joto la Dar es Salaam haziivi chungu kimoja. Jasho likiingia zinajikunja zinakuwa bonge, bonge linakimbilia kwenye kiganja, mbele inabaki ngozi tupu. Mtu akikupiga ni mfupa kwa mfupa. Tulikuwaga na vijana wana nyuso kama mihogo iliyochomwa.

Mie niliingiaje huko? Kwa godoro. Mama yangu, Bi Tabu, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi, pale Keko. Baba keshafariki, tunaishi kwa sindano. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja, na hapo ndipo Mzee Songoro alipokuwa akifundisha makuli wa bandarini kupigana. Mzee Songoro alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vita ya Burma, akarudi na vitu viwili, kikohozi na ngumi. Asubuhi analinda ghala Kurasini, jioni yuko kiwanjani na filimbi mdomoni.

Siku moja kaja kubisha hodi.

"Mama yupo?"

"Kaenda sokoni, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wewe utanifaa. Nina godoro dogo hapa limepasuka."

Akatoa glovu kwapani. Mie nilidhani kiatu cha mtu mwenye matende. Nikaifumua, nikamwaga yale manywele, nikajaza sufi, nikafunga kwa mshono wa godoro. Nikajiona fundi. Kesho yake karudi nayo, kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Mwanangu, umetutilia kokoto humu?"

"Hapana, Mzee. Sufi."

"Sufi gani? Kuna kijana kapigwa begani, ana vidoti kama kadonolewa na kuku."

Kumbe mbegu. Sufi ina mbegu, wajukuu, ngumu kama pilipili manga. Kwenye godoro mtu halali na mbegu moja akafa, lakini kwenye glovu kila mbegu ni jiwe. Tangu hapo nikawa nachambua sufi ya glovu kama mtu anayechagua mchele wa harusi. Halafu naianika juani, naifunika kitambaa chepesi, maana sufi ikiona upepo tu inakwenda zake Kigamboni. Halafu naipiga kwa fimbo nyembamba mpaka ivimbe. Na ukijaza usishindilie. Glovu iliyoshindiliwa ni tofali. Ibonyeze kwa gumba, gumba likizama halafu sufi ikalisukuma nje polepole, hapo acha, shona.

Na ngozi je? Ngozi ya glovu usiianike juani hata siku moja. Nilianika, ikakauka ikawa kama ngozi ya ngoma, ukiigonga inalia. Nikasema basi niilainishe kwa mafuta ya nazi, kama tunavyolainisha nywele. Ikang'aa kweli, Mzee Songoro akafurahi. Asubuhi tunafungua kasha, panya wamekula kidole gumba chote. Mzee akaitazama ile glovu, akasema, "Hii sasa ni ya mtu mwenye vidole vinne." Ndio nikajifunza mafuta ya mbarika. Panya hagusi mbarika, ana akili, anajua itamharisha. Hata hizo zenu za dukani, nyie zipakeni kidogo tu kwenye mshono, mtaniombea dua.

Kinga ya meno tulichonga kwa mpira wa tairi. Una ladha ya barabara, lakini meno yanabaki.

Sasa Mzee Songoro kama mwalimu. Vijana wa siku zile walijua ngumi za ngomani, ngumi za mviringo, mtu anavuta mkono kutoka Mbagala anauleta mpaka Keko. Ukimkwepa anajizungusha mwenyewe anaanguka. Watu wanashangilia sana. Mzee alikuwa hazitaki. Alikuwa anasema Mwingereza mwenye kalamu pale mezani hahesabu kelele za watu, anahesabu ngumi iliyofika kwa vifundo vya vidole, imefika wazi, basi. Anamsimamisha kijana anamwambia, "Mkono wa kushoto ndio wa kubisha hodi. Bisha, bisha tena. Wa kulia ndio wa kuingia. Mtu mwenye adabu haingii kabla ya kubisha." Kiwanja kizima utasikia anapiga kelele, hodi, hodi, ingia. Wapita njia walidhani tuna madrasa.

Alikuwa na ndoto kubwa yule mzee. Alikuwa akisema kuna michezo ya dunia nzima, ile ya Olimpiki, mataifa yanakutana, na humo mna ngumi na mna mieleka. Sie Tanganyika wakati huo hata bendera ya kwetu hatukuwa nayo. Lakini yeye anasema leo wataanza kwenda Nairobi, kesho watafika na huko.

Mieleka nayo aliileta. Huko Burma aliwaona askari wa Kihindi wanavyoshikana, hakuna kupiga, ni kuviziana na kulazana chini mpaka mabega yaguse. Akasema nchi ikiwa na ngumi bila mieleka ni kama mtu mwenye mguu mmoja. Tabu ni chini. Kiwanja chetu kilikuwa na changarawe, nani akubali kulazwa pale? Mzee akachungulia uani kwetu, akaona godoro kubwa, jipya, zuri, limeegemezwa ukutani. Mama hayupo. Akalibeba.

Lile godoro lilikuwa la bibi harusi wa Chang'ombe, wajukuu. Linachukuliwa jioni ileile.

Wa kwanza kulazwa alikuwa kuli mnene, na aliyemlaza alikuwa mnene vilevile. Godoro likapasuka kama jipu. Sufi ikapanda juu, upepo wa bahari ukaipokea, Keko yote ikawa nyeupe, watu wanapiga chafya mpaka msikitini. Mama akatokea njiani na kikapu chake kichwani, anatembea ndani ya sufi yake mwenyewe. Akamtazama Mzee Songoro, akamtazama yule mnene aliyelala chini, akaingia ndani akafunga mlango. Ndivyo mieleka ya Temeke ilivyozaliwa ikafa jioni moja. Na tangu siku ile Bi Tabu na klabu ya ngumi ni paka na panya.

Na mie hapo tayari moyo wangu uko klabuni.

Kulikuwa na kijana anaitwa Athumani, Mzaramo mwenzetu, kuli wa bandarini, mwembamba, mpole, mkono wa kushoto unabisha hodi kama mvua juu ya bati. Alikuwa ananiletea glovu kushona hata kama haijapasuka. Anasimama pale mlangoni anasema, "Naona kama uzi huu umelegea." Uzi wenyewe nimeushona jana. Basi akapeleka posa, na mshenga akawa nani? Mzee Songoro huyohuyo. Watu wa klabu hawana akili.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Godoro langu ulilichukua bila idhini, ukalipasua. Leo unaniomba binti kwa idhini, ndio hutampasua?"

"Bi Tabu, yale yalikuwa mambo ya mieleka. Athumani ni wa ngumi."

"Ngumi ndio nzuri? Mtu anarudi nyumbani na uso wa mwenziwe."

Hakukataa, hakukubali. Posa ikakaa hapo, haijibiwi. Kwetu sie Wazaramo posa isiyojibiwa unaingoja, huulizi. Ukiuliza umejikatia mwenyewe.

Ndio wazungu wa michezo wakatangaza wanachagua timu ya Tanganyika iende Nairobi kupigana na Kenya na Uganda. Kila uzito mtu mmoja. Timu zote za nyuma walichaguliwa askari polisi na watu wa mjini, Temeke hakuwahi kwenda hata wa kubeba ndoo. Safari hii Mzee Songoro alipeleka jina la Athumani, na likakubaliwa. Jumamosi jioni atapigana mjini, akishinda anakwenda Nairobi.

Wa kupigana naye alikuwa Maganga. Huyu Maganga nimweleze vizuri. Mnyamwezi, anaishi Kinondoni na klabu yake iko huko, lakini kazini wako kundi moja na Athumani, wanapokezana magunia. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mnajua utani nyie, au mnajua utani wa kwenye simu tu? Mtani ana haki. Anaweza kukutukana mbele ya watoto wako ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako akaondoka nayo, anaweza kula chakula chako, na wewe ukikasirika umekosa wewe. Hawa wawili kutwa nzima bandarini wanatukanana, jua likizama wanagawana muhogo.

Tabu yao wote ilikuwa mizani. Uzito waliopangiwa ulikuwa mdogo, na wote wawili walikuwa wameuzidi. Mkitaka kujua njaa, muulizeni bondia aliyezidi uzito. Athumani alikuwa anaruka kamba kavaa gunia la katani ili atoe jasho, anatema mate kwenye kopo, anapishana na muuza mihogo anafumba macho. Asubuhi ya Jumamosi tukampeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa mbata, tukampima kama gunia. Ratili zikatimia sawasawa, sindano imelala kwenye mstari. Mzee Songoro akamwambia, "Mpaka mizani ya mjini saa nane, usile, usinywe, na ukipiga miayo funga mdomo upesi, hata hewa ina uzito."

Saa sita hivi tuko kiwanjani tunangoja lori la kutupeleka mjini. Mie napanga glovu kwenye kasha. Nainua macho namwona Mama anakuja. Kavaa kanga mpya, kichwani kabeba sinia limefunikwa kawa. Nyuma yake harufu ya nazi inamfuata kama mtoto.

Akatua sinia, akatandika mkeka, akamwambia Mzee Songoro, "Nasikia yule kijana wako leo ana safari ya kupigana. Mtu haendi vitani na tumbo tupu. Nimempikia."

Akafunua kawa. Wali wa nazi, mlima, na kuku mzima juu yake.

Mzee Songoro vita vya Burma vyote alivipita, lakini pale nilimwona anakaa chini. Maana kila mtu alielewa. Mama mkwe akikupikia kuku, posa keshaijibu. Kasema ndiyo bila kufungua mdomo. Na ukiacha chakula cha mkwe, umemjibu wewe nawe. Umemwambia mkono wake unanuka. Basi Athumani akila, mizani itamkataa, Nairobi kwaheri. Asipokula, mie kwaheri.

Akakaa mkekani. Mama naye, kwa heshima, hawezi kumtazama mkwe akila, akamgeuzia mgongo, akajifunika kanga kichwani, akakaa. Anasikiliza.

Athumani akanawa. Akamega tonge, akalirudisha. Akaanza kutafuna kwa sauti, mdomo mtupu, nyam nyam nyam.

Mama, mgongo uleule, akasema, "Mzee Songoro, huyu kijana mbona anatafuna hewa?"

Athumani akaniangalia mie, mie nikaangalia kasha la glovu. Akachukua tonge la kweli, akalipeleka mdomoni polepole.

Hapo ndipo Maganga alipofika. Lori lilikuwa linatokea Kinondoni limempakia yeye na wenziwe, likasimama barabarani kutuchukua sie. Karuka chini anakuja kutuita, anapiga kelele toka mbali, "Wazaramo, mmevaa au bado mnajipaka wanja?" Akafika, akaona mkeka. Akaona wali. Akaona uso wa Athumani, na wallahi hakuambiwa neno na mtu. Akachuchumaa, akaushika ule mkono wa Athumani wenye tonge, akalichukua tonge akalitia mdomoni mwake.

"Ondoka hapa," akamwambia. "Nani kakuambia Mzaramo anakula kuku? Nyie mnapika, sie tunakula. Ndio mgawo wetu tangu mababu."

Mama akageuka. "Nani huyu?"

"Mwenye chakula, bibi."

"Mnyamwezi?"

"Wa Tabora kabisa, bibi. Kaza mkono safari nyingine, chumvi hujui kutia."

Nilimwona Mama uso unataka kununa unashindwa. Mtani huyo, atafanya nini? Akaanza kucheka ndani ya kanga, mabega yanatikisika. Athumani kasogea kando, anashukuru Mungu wake. Posa imejibiwa, chakula kimeliwa na mwenye haki, hakuna aliyekosa adabu.

Maganga alitaka kula matonge machache tu, aonekane, aondoke. Aliniambia mwenyewe miaka ya baadaye. Naye ana mizani saa nane, naye kafunga siku zake na kopo lake la mate. Akala kidogo, akataka kunyanyuka.

Mama akasema, "Unakwenda wapi?"

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba?" Mama akawageukia watu. "Jamani, huyu ndiye mjukuu wa wapagazi? Babu zake walibeba pembe toka Unyanyembe mpaka pwani hawakutua. Yeye kabeba sahani moja ya wali wa mwanamke, kaishia njiani."

Watu wakapiga makofi. Makuli wa pande zote, wa Temeke na wa Kinondoni, wanamtazama. Maganga akatazama lori, akatazama kuku. Kaachiwa mlango gani? Mtani akikutukana hivyo unamjibu kwa vitendo. Akakaa tena chini. Akala, wajukuu. Akala wali, akala kuku, akafyonza mfupa, akafuta sinia kwa kidole. Kila tonge linaloshuka kocha wake wa Kinondoni anashika kichwa. Alipomaliza akacheua, akasema, "Bibi, imebaki kawa tu, nayo niletee na chumvi."

Ukiniuliza mie, hakukumbuka tena mizani. Alisema mwenyewe, "Nilinusa nazi, akili ikahama."

Mama akakusanya vyombo, akampa jirani, akapanda lori. Mzee Songoro kamwambia, "Bi Tabu, huku ni kwenye ngumi."

"Najua. Nimemlisha mtu, lazima nione wali wangu umefika wapi."

Mjini wakaingia kwenye mizani, wanaume peke yao, mie nipo mlangoni na kasha langu. Athumani katoka anacheka, sindano imekaa pale pale kwenye mstari. Maganga kaingia, halafu nasikia mzungu anasema jambo, halafu kicheko. Kazidi. Wakampa muda apunguze, akaruka kamba, akakimbia kuzunguka jengo, lakini wali wa nazi ukishakaa umekaa. Mzungu akasema basi, mtu huyu apande uzito unaofuata, akapigane na askari polisi wa uzito huo. Uzito wa Athumani ukabaki na Athumani peke yake. Kashinda bila kuvaa glovu. Anakwenda Nairobi.

Nilidhani atarukaruka. Alikaa juu ya ndoo kainama.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Nimepewa Nairobi na sinia la mama yako. Yule pale anakwenda kuuliwa na polisi kwa ajili yangu."

"Sasa utafanya nini?"

Akachukua taulo, akachukua ndoo, akaenda kona ya Maganga, kona ya Kinondoni, akasimama pale. Kocha wao akamtazama, akampisha.

Yule polisi alikuwa mrefu, mikono kama makasia. Raundi ya kwanza Maganga mzito, tumbo mbele, polisi anampiga anavyotaka. Ikatua moja tumboni, ukumbi wote ukasema uuh, na kwenye ule uuh ikasikika sauti ya mama yangu, aliyekuwa haitaki ngumi kuisikia:

"Taratibu hapo. Hapo ndipo nilipoweka kuku wangu."

Maganga akacheka. Katikati ya ulingo, mdomo wazi, mpira wa meno ukamtoka. Refa mzungu, masikio mekundu, akasimamisha pambano, akamkemea, anadhani anamdharau polisi. Mtu atamwelezaje refa kuwa mtani kasema? Wakaendelea. Lakini kile kicheko kilimfungua. Mabega yakashuka, miguu ikalegea vizuri. Athumani kwenye kona anamwambia, "Bisha hodi, wewe mpagazi. Bisha kwanza." Na Maganga akaanza kubisha. Mkono wa kushoto, hodi, hodi. Mzee Songoro nilimwona anaiuma filimbi yake, somo lake linapigwa na mtu wa klabu nyingine. Raundi ya mwisho polisi kachoka kurefusha mikono, Maganga ana wali wa kumsukuma, anaingia anatoka. Majaji wawili wakampa yeye, mmoja akampa polisi.

Wote wawili wakaenda Nairobi.

Kwenye lori kurudi, Mama kakaa karibu na Mzee Songoro. Akamuuliza, "Kwa hiyo yule wako anakwenda Nairobi hajapigwa hata kofi?"

"Hata kofi, Bi Tabu."

"Huyo ana akili. Mwambie alete wazee wake."

Wakapanda meli mpaka Mombasa, wakapanda treni. Athumani pambano la kwanza tu alikutana na Mganda mmoja, akarudi na jicho kama embe dodo. Hakupigana tena mashindano, akawa mwalimu, akamrithi Mzee Songoro pale kiwanjani, na akawa baba wa wazazi wenu wengine hapa. Maganga, kwenye ule uzito ambao hakuupanga, akawa wa pili. Akapewa medali. Ya kwanza niliyoiona kwa macho.

Walipotua bandarini hakwenda kwao Kinondoni. Kaja moja kwa moja Keko, kaivaa shingoni, kasimama mbele ya Mama ajisifu. Mama akaishika, akaigeuza, akaitoa shingoni mwake akaivaa yeye.

"Hii ya kwangu," akasema. "Wali ulikuwa wa kwangu, kuku wa kwangu."

"Bibi, jamani."

"Unakasirika?"

Atakasirikaje? Mtani kachukua. Akacheka, akaomba maji ya kunywa. Medali ikatundikwa kwenye msumari ukutani kwetu, ikakaa. Kila akija kutusalimu anaitazama, anasema, "Naja kuichukua siku moja, mwizi wewe," na Mama anamwambia, "Njoo na polisi wako."

Ikapita miaka mingi. Mwingereza akaondoka, vijana wa kwetu wakafika na huko Olimpiki, Mzee Songoro hakuwahi kuona. Mama akawa mzee sana, akafariki kwenye nyumba ileile. Nyumba imejaa vilio. Maganga katokea Kinondoni, keshaota mvi, kavaa kanzu. Hakutoa pole. Kasimama mlangoni akasema kwa sauti, "Pisheni hapo. Nimekuja kuchukua changu kwa mwizi wenu." Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka, wakacheka huku wanalia. Akapita mpaka ndani, akaitungua medali kwenye msumari, akaivaa. Nani atamzuia mtani msibani?

Sie wanawake hatuendi makaburini, haya mengine alinihadithia Athumani. Jeneza linapokezanwa, kila mtu abebe kidogo apate thawabu yake. Maganga kashika mti wa mbele hataki kuachia. Wakamwambia, "Mzee, pokezana na wenzio." Akasema, "Niacheni. Huyu mie kanilisha." Wakafika, wakamshusha Mama, watu wakaanza kutia udongo, kila mtu kwa kiganja. Maganga naye akainama, na mkono wake ukakaa mle kaburini zaidi ya mikono ya wengine. Aliponyanyuka shingo ilikuwa tupu.

Athumani hakumuuliza. Nami sikumuuliza mpaka Maganga mwenyewe akatangulia. Masheikh watasema kitu kama kile hakina kazi kaburini, na ni kweli. Lakini hayo ni ya watani wenyewe kwa wenyewe, mie nilikuwa fundi wa glovu tu.